Kila Sikio na Hotuba Yake

Siku Leokadia Mkude aliposikia mama yake akitukanwa huku umati ukishangilia, alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuzunguka ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na kazi aliyopewa ilikuwa kuhakikisha tusi hilo linasikika vizuri.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza kwenye kampeni. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa punje katika wodi za hospitali, na kazi ile aliipenda mno. Punje ni kidude kidogo kuliko mbegu ya ufuta. Mtu huwekewa sikioni akiwa mdogo, akaisahau kama anavyosahau kwamba ana meno. Nesi akisema kwa Kiswahili, bibi aliyeshushwa kutoka Mgeta anasikia Kiluguru, tena kwa sauti ileile ya nesi, mpaka na kikohozi chake. Leokadia aliwahi kumwona mzee mmoja akimshika daktari mkono na kukataa kuuachia, kwa sababu tu ameulizwa panapomuuma na ameelewa swali. Halafu kampuni iliyowaajiri, Sauti Tamu, ikapata zabuni ya kampeni za umeya wa Morogoro, na mafundi wa hospitali wakahamishiwa viwanjani.

Nje ya kioo ulikuwa Uwanja wa Tubuyu. Upande mmoja palikuwa na jukwaa lenye paa na viti vya sponji. Huko walikaa wenye maduka, maofisa, wahasibu na walimu wa vyuo. Chini yao, kwenye nyasi, juani, walikaa wafagizi, madobi, walinzi wa mageti, wapishi wa mahotelini na wapagazi wa sokoni. Hakuna aliyesimama kuwatenga kwa fimbo. Kadi za mwaliko zilikuwa za rangi mbili, basi.

Mgombea, Gervas Tindwa, mtu mrefu mwenye sauti ya kubembeleza, alisogea mbele akasema sentensi moja fupi: "Ndugu zangu, mnajua ni nani anayeibeba Morogoro hii."

Leokadia alikuwa amevaa vipokea sauti viwili vya kukagulia. Sikio la kushoto lilipata kilichopelekwa kivulini: "Ndugu zangu, mnaoibeba Morogoro ni ninyi mliokesha na vitabu wakati wenzenu wakicheza bao. Leo mfagizi anataka alipwe kama mtu aliyesoma. Jamani! Ufagio nao unaomba kiti mezani?"

Sikio la kulia lilipata cha juani: "Ndugu zangu, mnaoibeba Morogoro ni ninyi mnaovuja jasho. Hao walioko kivulini mnajua wanawaitaje majumbani mwao? Takataka. Kupe wakubwa hao! Mkiwafungulia mlango wanafuta kitasa."

Kivulini walicheka na kupiga makofi. Juani walinguruma na kupiga makofi. Kila upande uliusikia upande wa pili ukishangilia, ukadhani wameshangilia neno moja. Katikati ya nyasi, akiwa amevaa kanga yake ya kijani kibichi, Leokadia alimwona mama yake, Salvina Kobelo, akiwa amesimama na mikono juu, akipiga makofi mpaka mabega yanatikisika.

"Bosi," Leokadia aliita, "haya ya kushoto ameyaandika nani?"

Msimamizi wake, Tawfiki, alikuwa akila korosho. "Mtambo. Mgombea anatoa mifupa, mtambo unatia nyama kulingana na msikilizaji. Unajua kazi yake, unajua anachokiogopa, unajua nani anamkera. Lakini usifikiri tunamsingizia mtu. Kabla ya mkutano anakaa hapo ulipokaa, anasikiliza mifano yote, anaweka dole gumba. Yote ni maneno yake kisheria."

"Na watu wakija kumwuliza?"

"Nani atamwuliza? Anayetukanwa hakusikia tusi. Alisikia sifa."

"Zinahifadhiwa wapi?"

"Hazihifadhiwi. Sheria ya faragha ya sikio. Likishasikika limeisha."

Leokadia alitazama nyasi. "Mama yangu ni mfagizi," alisema.

Tawfiki aliacha kutafuna. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyekwisha kuzoea. "Basi shukuru, dada," alisema polepole. "Yeye anasikia tamu."

*

Salvina alikuwa amekaa barazani nyumbani kwake Mji Mpya, anachambua mchicha, na jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya Uluguru. Leokadia hakuwahi hata kuvua viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umemsikia Tindwa lakini? Huyo ndiye mwanamume! Nimefagia mji huu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zimekuwa hivi, sijasikia kiongozi akisema ukweli vile. Kumbe sisi wanatuita takataka!"

"Nani anawaita?"

"Si ndio hao wa kivulini! Akina Estomina." Estomina alikuwa na duka la dawa kwenye barabara anayofagia Salvina. Kwa miaka mingi wawili hao walikunywa chai pamoja asubuhi, Salvina akiwa ameegemeza ufagio wake kwenye kaunta ya dawa. "Leo nimempita kama mti. Na yeye akanitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. Nikasema, ahaa, Tindwa hakukosea."

Leokadia alikaa kwenye kigoda. Njiani kote alikuwa amejiambia hatamwambia. Kulikuwa na faida gani kumletea mtu tusi nyumbani kwake, mguuni pake, wakati lilikuwa limempita bila kumgusa? Mama yake alikuwa na furaha. Alikuwa amenyooka mgongo. Nani ana haki ya kumpokonya mtu mgongo ulionyooka? Lakini sasa aliuona ule mgongo umenyooshwa na nini, akaona pia kikombe cha Estomina kimekaa peke yake kwenye kaunta.

"Mama," alisema, "Estomina hakusikia ulichosikia wewe."

Akamweleza. Hakuficha, hakupunguza, hata lile la ufagio na meza. Salvina aliendelea kuchambua mchicha, jani moja moja, mpaka Leokadia alipomaliza. Kisha mikono ikasimama.

"Alisema kwa sauti yake mwenyewe?"

"Kwa sauti yake, mama. Na aliyakubali kabla."

"Na mimi wakati huo nafanya nini?"

Leokadia alichukua shina moja la mchicha, akalizungusha vidoleni.

"Nilikuwa napiga makofi," Salvina alisema. Aliitazama mikono yake, ngozi ngumu ya viganja iliyong'aa pale mpini unapopita. "Sikiliza, Leoka. Kutukanwa nimetukanwa. Kuna mtu alinitupia ganda la ndizi miguuni huku ananitazama, nikaliokota, nikamwambia ahsante kwa kunipa kazi, akaona haya. Tusi la namna hiyo unalipokea uso kwa uso, unalijibu ukipenda, ukipenda unaliacha. Lakini kupiga makofi natukanwa? Hilo sijawahi. Huyu mtu ameazima mikono yangu bila kuniomba."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Nataka kuyasikia."

"Nimeshakuambia yote."

"Umeniambia wewe. Wewe unanipenda, umeyalainisha hata kama hujui. Nataka kuyasikia kutoka kwake."

Hapo ndipo Leokadia alipoeleza jambo ambalo hakukusudia kulieleza. Katika kila mtambo wa punje kuna mkondo wa dharura. Uliwekwa kwa ajili ya moto na mafuriko, ili watu wote wasikie neno moja kwa wakati mmoja. Fundi wa zamu ndiye anayeufungua. Akiufungua mkutanoni, kila sikio uwanjani litapata kila kilichosemwa. Na kufanya hivyo bila moto wala mafuriko ni kosa. Baraza la Sauti linaweza kumfutia leseni moja kwa moja.

"Hilo la leseni ni lako," mama yake alisema. "Sitakusukuma. Umeisomea, unaipenda, na mimi ndiye niliyejisifu kwa watu siku ulipoipata. Lakini hili la kutukanwa ni letu. Usituamulie wewe kama tulisikie au tusilisikie. Twende ukawaambie wenyewe."

*

Walikutana kwenye karakana ya mikokoteni nyuma ya soko, wakati wa mapumziko ya mchana, harufu ya vitunguu ikiingia kwa kila upande. Mwenyekiti wa chama chao alikuwa Mzee Ndahani, mzibuaji wa mitaro kutoka Dodoma, mwenye kifua kipana na sauti nzito. Alimsikiliza Leokadia mpaka mwisho bila kupepesa, kisha akawageukia wenzake.

"Mmesikia. Semeni."

Wakasema wote kwa pamoja. Kijana mmoja mpagazi alisema jukwaa lile litachomwa moto, naye ataleta kiberiti. Wengine wakamwitikia. Hilo ndilo Leokadia alilokuwa akiliogopa tangu mwanzo.

Mwantumu, dobi wa hoteli, mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyochubuka kwa sabuni, akainuka. "Mimi nasema lisifunguliwe," alisema. "Msinizomee, nisikilizeni. Kesho yake nitaingia kazini. Nitayafua mashuka ya mtu ambaye jana nimemsikia anacheka naitwa ufagio. Nitayafuaje? Sasa hivi sijui anachocheka, nafua kwa amani. Huyu binti anataka kuninyang'anya amani yangu aniachie ukweli. Ukweli utanilea watoto?"

Alikuwa amesema jambo ambalo wengi walikuwa nalo moyoni.

Salvina alimjibu bila kuinua sauti. "Mwantumu, amani hiyo unayo? Juzi si wewe ulimtemea mate mtoto wa mhasibu getini?"

Mwantumu aliinamisha kichwa. "Alinikera."

"Alikukera nini?"

"Hakufanya kitu," Mwantumu alikiri. "Niliona tu ni wa kivulini."

"Basi Tindwa ameshaichukua amani yako. Amekuachia ujinga wake, wewe unauita amani."

Ndahani aliinua mkono. Alisema kila mtu ana sikio lake, na hakuna atakayelazimishwa. Asiyetaka kusikia abaki nyumbani, au azibe sikio, asichekwe wala asiulizwe. Lakini atakayekuja, aje kwa masharti mawili. Aje na nguo zake za kazi, safi, zimepigwa pasi. Na asije na jiwe, chupa wala kiberiti.

"Tunakwenda kutukanwa tukiwa tumevaa vizuri?" yule mpagazi aliuliza kwa hasira.

"Tunakwenda kumsikia mtu anavyosema," Ndahani alimjibu. "Atakayevuliwa nguo ni yeye. Sisi tutakuwa tumevaa."

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mwantumu hakuinua. Leokadia alimwona akibaki amekaa juu ya mkokoteni, mikono mapajani, akamheshimu kwa hilo.

Wakati wa kutoka, Ndahani alimvuta Leokadia kando. "Binti yangu," alisema, "umetuuliza. Wengine hawatuulizi, hata wale wanaotutetea. Ukiona mkono unatetemeka siku hiyo, uache. Hatutakulaumu."

*

Mkutano wa kufunga kampeni, mwisho wa wiki ileile, ulijaza uwanja mpaka kwenye kuta. Leokadia aliingia chumba cha sauti mapema, akapangusa meza yake, akaitazama swichi nyekundu ya dharura chini ya kifuniko chake cha plastiki. Alikumbuka ruhusa ya Ndahani ya kuacha, akavuta kiti karibu nayo.

Nje, watu wa juani walikuwa wakiingia. Tawfiki alikwenda kioo kilipo akasimama. "Leo kuna nini? Mbona wamependeza hivi?"

Wafagizi waliingia na makoti yao ya rangi ya chungwa, mistari ya kung'aa imefutwa vumbi. Walinzi waliingia na kofia zimekaa sawa. Madobi na aproni nyeupe zilizokauka kwa wanga. Wapishi, wapagazi, wazibua mitaro na mabuti yao marefu yaliyooshwa mpaka yanang'aa. Waliketi kwa mistari. Salvina alikuwa mstari wa mbele. Na pembeni kabisa, Leokadia akamwona Mwantumu, aproni yake nyeupe kuliko zote.

Tindwa akapanda. Yeye mwenyewe hakuwa na punje. Wagombea huzitoa kabla ya hotuba, wasije wakachanganyikiwa kwa kujisikia wakisema wasichosema. Akaanza. Leokadia akainua kifuniko, akabonyeza.

"Ndugu zangu," Tindwa alisema, "kesho kutwa mnaamua nani akae mezani."

Na kila sikio uwanjani, kivulini na juani, likasikia sauti yake ikisema yote mawili, moja baada ya jingine. Kwanza la kivulini: kwamba mji umejaa watu wasiotaka hata kujikuna, lakini wanataka kula sahani moja na waliohangaika, kwamba ufagio ukishamaliza kazi hurudishwa nyuma ya mlango. Kisha la juani: kwamba wale wa kivulini ni kupe, kwamba hata dawa zao wanazouza ni za kuwaua maskini taratibu, kwamba siku yao inakuja.

Makofi hayakuja.

Tindwa alingoja. Aliona nyuso zimemkazia macho, akadhani maneno yamewaingia sana. Akatabasamu, akaendelea.

Tawfiki alikuwa ameruka kutoka kitini. "Umefanya nini? Zima! Zima hiyo!"

"Nimefungua mkondo wa dharura."

"Hakuna moto!"

"Upo," Leokadia alisema.

Tawfiki aliibonyeza swichi, akaibonyeza tena, ingawa alijua. Mkondo wa dharura hauzimwi ila na aliyeufungua. Uliundwa hivyo makusudi, ili mwenye hofu asiweze kuwanyamazisha watu katikati ya janga. Alimsihi Leokadia kwa jina la watoto wake mwenyewe. Alimtajia mahakama. Leokadia aliweka mikono mapajani na kutazama nje ya kioo, kwani yule kijana mpagazi alikuwa ameinuka. Mishipa ya shingo yake ilionekana mpaka kule. Aliinama kana kwamba anatafuta kitu kwenye nyasi. Ndahani, aliyekaa nyuma yake, hakumshika. Alisimama tu naye, bega kwa bega. Akasimama mwingine. Akasimama Salvina. Mstari baada ya mstari, watu wa juani wote wakasimama, kimya, makoti ya chungwa na aproni nyeupe, nao hawakumtazama Tindwa. Waliwatazama watu wa kivulini.

Nao wa kivulini, waliokuwa wamezoea kuona rangi tu kule chini, wakaanza kuona watu. Yule ni mlinzi wetu. Yule ndiye anayenifulia. Walikuwa wamesikia wanavyotukanwa, na walikuwa wamesikia pia kile walichokicheka wiki nzima, sasa kikisemwa mbele ya wenyewe. Wapo walioinamisha vichwa. Wapo walionuna kwa kuitwa kupe. Na alikuwepo bwana mmoja aliyepiga makofi peke yake, akatazamwa, akaacha.

Tindwa alianza kutota kwa jasho. "Mbona kimya?" aliuliza.

Mtambo, ambao haukujua hofu, ukalivisha swali hilo nguo kama ulivyofundishwa. "Mbona kimya, waheshimiwa wasomi, ninyi msiopoteza maneno?" uwanja mzima ukasikia, na mara baada yake: "Mbona kimya, ndugu zangu wavuja jasho, au wamewakaba koo?"

Mtu fulani akacheka. Haikujulikana kama alikuwa juani au kivulini.

Msaidizi alimkimbilia Tindwa akamnong'oneza kwamba watu wanasikia yote, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi. "Zimeni!" Tindwa alifoka. "Zimeni upuuzi huu!"

"Naomba kwa heshima zote, tupunguze sauti kidogo," punje zikasema kwa upole wa kivulini. Kisha, kwa ukali wa juani: "Wanataka kuninyamazisha kwa sababu yenu!"

Hapo kicheko kikapasuka. Kilianzia kwenye nyasi, kikapanda ngazi za jukwaa, kikarudi. Ndahani alishika mbavu. Yule mpagazi alicheka mpaka akakaa chini. Watu waliokuwa tayari kutoana macho wiki ile walicheka kitu kimoja kwa mara ya kwanza, na kiliposemwa tena walicheka tena, na Gervas Tindwa alishuka jukwaani akiwa ameshika maikrofoni asijue pa kuiweka.

Leokadia akazima mkondo.

Ndipo Salvina alipopanda. Hakuna aliyemwita. Alipanda na koti lake la chungwa, akasimama mahali Tindwa alipokuwa, akaonyesha sikio lake kwa kidole, akaichokoa punje, akaiweka mfukoni. Watu wakaelewa. Mmoja mmoja wakatoa zao. Hapakuwa na maikrofoni, kwa hiyo alisema kwa sauti aliyoizoea barabarani, ile ya kuwashtua madereva wanaorudi nyuma bila kutazama.

"Naitwa Salvina Kobelo. Nafagia barabara ya soko. Juzi nilimpigia mtu huyu makofi. Leo nimekuja kuyachukua makofi yangu."

Walio mbele walisikia. Walio nyuma hawakusikia, wakauliza, na walio mbele wakageuka wakawaambia, na hao wakawaambia wengine. Neno lilitembea uwanjani kwa midomo ya watu, mstari kwa mstari, likapanda ngazi za jukwaa. Kutoka chumbani Leokadia aliweza kuliona likisafiri, vichwa vikigeuka, na lilipofika kwa walinzi wa mlango wake, mmoja akamwambia mwenzake: "Amekuja kuyachukua makofi yake." Halikuwa limeongezwa wala kupunguzwa.

"Ninyi wa kivulini," Salvina aliendelea, akingoja kila sentensi ifike. "Mimi sijakuiteni kupe. Kama mna tusi langu, nileteeni wenyewe, mimi napatikana barabarani. Jina langu mmeshalijua." Akangoja. "Na lile la ufagio. Ufagio ninao. Mimi ndiye ninayeushika."

Akashuka.

Hawakuandamana, hawakuimba. Walitoka kwa lango kuu, mbele ya jukwaa, kwa mwendo wa watu wanaotoka kazini. Kwenye ngazi ya mwisho alisimama mwanamke mnene mwenye miwani, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikuwa Estomina. Salvina alipomfikia wakatazamana.

"Mimi nilicheka," Estomina alisema. "Ile siku ya kwanza. Nilicheka kweli."

"Mimi nilipiga makofi," Salvina akamjibu. "Haya, nipishe nipite, watu wako nyuma yangu. Kesho chemsha chai mapema."

*

Gervas Tindwa alishindwa, ingawa si kwa kura nyingi kama watu wanavyopenda kusimulia. Wapo waliompigia wakiwa wamesikia yote. Leokadia alilijua hilo na halikumshangaza; alichotaka ni wajue wanachokipigia.

Baraza la Sauti lilimwita baada ya uchaguzi. Tawfiki alitoa ushahidi dhidi yake, akaeleza kila kitu kama kilivyokuwa, na mwishoni, bila kuulizwa, akasema yeye ameacha kazi. Leokadia hakukana lolote. Alisema aliwauliza wanaotukanwa kabla ya kufungua, na kwamba asingefungua kama wangekataa. Baraza lilikuja kumfutia leseni, na barua ya hospitali ya kumwombea arudi wodini bado inasubiri majibu. Lakini siku ile ya kuhojiwa uamuzi ulikuwa bado, na mashahidi wake walikuwa wamejaza benchi mpaka mlangoni, wote wamevaa nguo za kazi.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mama yake. Karani, kijana mwungwana mwenye tai, alimvutia kiti.

"Jina kamili, mama?"

"Salvina Kobelo."

"Kazi?"

"Mfagizi."

Kwenye skrini iliyokuwa ukutani maneno yakatokea yenyewe: *Mhudumu wa Usafi na Mazingira.* Salvina aliyasoma polepole, midomo ikicheza.

"Hayo ni ya nani?"

"Ni yako, mama," karani alisema na kutabasamu. "Siku hizi mtambo unaandika hivyo. Ni kwa heshima."

"Mfagizi ni neno baya?"

"Hapana, mama. Hapana kabisa. Ila tu…"

"Basi liandike."

Karani alibonyeza, akafuta, akaandika upya. Skrini ikafikiri kidogo, ikarudisha yaleyale. Akajaribu tena. Wajumbe wa Baraza wakaanza kukohoa. Leokadia, akiwa amekaa kwenye kiti cha mshtakiwa, alimtazama mama yake amekaa wima, mikono mikubwa imetulia juu ya meza, hana haraka yoyote. Hakuwahi kujisikia mtoto wa mtu kama alivyojisikia wakati ule.

Mwishowe karani aliiacha mashine. Alitafuta kalamu kwenye droo, akayakata yale maneno kwenye karatasi iliyochapwa, akaandika pembeni neno moja kwa mkono. Akaigeuza karatasi ili shahidi aione.

Salvina aliinama akaisoma, herufi kwa herufi. Kisha akanyoosha mgongo.

"Haya," alisema. "Sasa niulizeni."